Unyevu Upi? Maoni Kuhusu Kihisi Kidogo na Msamiati Wetu

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuulizwa swali moja kila turudipo nyumbani likizoni: "Hicho Kiswahili chako kitakufaa nini?" Aghalabu tunajibu kwa kutaja ualimu, utangazaji na tafsiri, kisha mazungumzo yanahamia kwingine. Likizo iliyopita niliulizwa swali gumu zaidi, na aliyeniuliza hakuwa na nia ya kunidharau. Alikuwa shangazi yangu, mkulima wa mahindi katika Kaunti ya Trans Nzoia. Alitazama kidude nilichomletea, akasoma maandishi ya Kiswahili niliyoyatunga mwenyewe kwa fahari, kisha akauliza: "Unyevu upi?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu, na pia ni lawama kidogo kwetu sisi tunaojiita wapenzi wa lugha.

Ninaishi chumba kimoja na mwanafunzi wa uhandisi ambaye hujiburudisha kwa kuunda vyombo vya elektroniki. Mezani pake hapakosi waya, betri na lile bao dogo la kompyuta liitwalo Arduino, ambalo lilianza kubuniwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, ili kuwafaa wanafunzi wa usanifu ambao si wahandisi. Jioni moja alinionyesha kijisanduku cheupe cha plastiki, kidogo kuliko kibiriti, chenye matundu upande mmoja na miguu minne ya chuma. Jina lake ni DHT22. Kazi yake ni kupima joto na maji yaliyomo hewani, na bei yake ni shilingi mia chache tu. Anaye pia ndugu wa bei nafuu zaidi, DHT11, ambaye hukosea zaidi: joto anaweza kulikosea kwa nyuzi 2, ilhali DHT22 hukosea kwa nusu ya nyuzi hivi.

Mwenzangu alipoanza kunieleza jinsi bao linavyozungumza na kijisanduku hicho, alitumia Kiingereza kitupu, nami nikamwomba aseme kwa Kiswahili. Alisita, akacheka, akasema hakuna maneno. Basi tukakaa kuyatafuta, na hapo ndipo nilipogundua kwamba maneno mengi tulikuwa nayo tangu zamani, ila hatukuwahi kuyaita kazini.

Mathalani, bao haliwezi kupokea habari kabla ya kubisha hodi. Hubisha kwa kushusha umeme wa waya wa habari kwa muda mfupi. DHT11 hutaka hodi ya milisekunde 18 au zaidi, na DHT22 hutosheka na milisekunde 1. Kisha bao huuachilia waya, na kijisanduku huitikia "karibu" kwa kuushusha waya kwa mikrosekunde 80 na kuupandisha kwa mikrosekunde 80 nyingine. Baada ya maamkizi hayo hutoa biti 40 moja baada ya nyingine. Umeme ukikaa juu kwa muda wa mikrosekunde 26 hadi 28, biti hiyo ni sifuri. Ukikaa mikrosekunde 70, ni moja. Biti 16 za kwanza ni habari za maji ya hewani, 16 zinazofuata ni za joto, na 8 za mwisho ni za uhakiki, kama mchuuzi anayekuhesabia chenji upya mbele ya macho yako. Nawe mgeni uwe na adabu: ukimbishia DHT22 hodi tena kabla sekunde mbili hazijapita, hatakuwa na habari mpya ya kukupa. Kati ya waya wa habari na waya wa umeme sharti kuwe na kikinza, ambacho mafundi wetu wa redio hukiita rezista, cha kuushikilia waya juu pasipokuwa na mazungumzo. Bila hicho, hodi na karibu huchanganyikana.

Nilimweleza mwenzangu haya kwa maneno ya hodi na karibu, naye akakiri kwamba mwaka wa kwanza ilimchukua majuma mawili kuyafahamu kwa lugha aliyofundishiwa.

Jina la kijisanduku chenyewe lilitupa kazi. Wapo wanaosema "sensa", lakini neno hilo tayari lina mwenyewe: Mkenya akisikia sensa huwaza karani mlangoni akihesabu watu. Nilipendekeza "kihisishi" kwa haraka, kisha nikajicheka. Kila aliyepita kidato cha kwanza anajua kwamba vihisishi ni "Lo!", "Ala!" na "Masalale!", na ingawa chombo kinachopiga kelele "Lo!" mvua ikikaribia kingekuwa na faida zake, sicho tulichokuwa nacho. Tukabaki na "kihisi", ambalo tayari linatumika kwingi na limejengwa kwa kanuni ile ile iliyotupa kinasa na kipaza. Kuhusu joto hatukubishana sana. Wengine husema halijoto, wengine jotoridi. Tuliandika JOTO, kwa sababu skrini yetu ilikuwa na mistari miwili tu yenye nafasi 16 kila mmoja. Mstari wa pili tuliandika UNYEVU.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

Shangazi huvuna mwishoni mwa mwaka, na mvua nazo huwa hazijaisha vizuri. Mahindi hupukuchuliwa, huanikwa kwenye maturubai, huingizwa ghalani yakitishiwa na wingu na kuanikwa tena siku ya pili. Wanunuzi wakija huchota punje, huzitia katika mashine yao na kutamka namba. Namba inayotakiwa anaijua kila mkulima wa kwetu: asilimia 13.5 ya unyevu, isizidi. Mzigo ukizidi hapo, hurudishwa au hukatwa bei. Basi tulipotundika kidude chetu ghalani na skrini ikaandika UNYEVU 68%, shangazi alishika kichwa. "Mwanangu, sitini na nane? Si haya yameoza?" Nilimweleza kwamba huo ni unyevu wa hewa, si wa mahindi. Ndipo akaniuliza lile swali: unyevu upi, maana neno ni lile lile, alama ya asilimia ni ile ile, na aliyeandika ni mimi mwenye shahada ya lugha njiani.

Alikuwa na haki. Asilimia hizo mbili hazina uhusiano wa moja kwa moja. Ile ya mnunuzi husema: katika kila kilo 100 za mahindi haya, kilo 13 na nusu ni maji. Ile ya kihisi haisemi kabisa hewa ina maji kiasi gani. Husema tu hewa imebeba sehemu gani ya maji yote ambayo ingeweza kubeba katika joto lile. Fikiria asubuhi ya ukungu kule Limuru, nyuzi 12, kihisi kikisoma asilimia 100. Halafu fikiria mchana wa Mombasa, nyuzi 30, kihisi kikisoma asilimia 70. Mtu atadhani hewa ya Limuru ndiyo yenye maji mengi. Kinyume chake, mita moja ya ujazo ya hewa ya Limuru ina gramu 11 hivi za maji, na ya Mombasa ina gramu 21, karibu mara mbili! Hewa yenye joto ina tumbo kubwa zaidi.

Nalitumia neno tumbo kwa makusudi. Usiku ule, nikijaribu kumfafanulia shangazi, niliyaacha maneno ya darasani na kusema: "Shangazi, hewa nayo hula maji. Hiyo sitini na nane ni shibe yake. Ikifika mia imeshiba, haiwezi kunywa hata tone, na ikizidishiwa hutapika, ndio umande." Alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: "Kumbe ndiyo maana siku za mawingu mahindi hayakauki hata upepo ukivuma. Hewa haina njaa."

Ndugu msomaji, hiyo ni fizikia kamili. Mahindi hukaushwa na hewa yenye njaa, na jua husaidia kwa kuizidishia njaa hiyo hiyo. Chukua hewa ya nyuzi 20 yenye shibe ya asilimia 68. Ipashe hadi nyuzi 30 bila kuiongezea maji, na shibe yake itashuka hadi karibu asilimia 38. Sasa inanyonya maji kwa uchu. Ipoze hewa ile ile hadi karibu nyuzi 14, itashiba kabisa na kuanza kuyaacha maji juu ya kila kitu baridi. Kwa hiyo gunia lililolazwa juu ya saruji tupu hulowa chini usiku hata kama paa halivuji, na wazee waliotuambia tuweke magunia juu ya mbao hawakukosea.

Ni maoni yangu, basi, kwamba tuseme "shibe ya hewa" pale wanasayansi wanapotaja unyevu wa hewa kwa asilimia, na neno "unyevu" tuliachie mahindi, udongo na nguo. Sidai kwamba pendekezo hili litakubalika. Ninalodai ni kwamba istilahi yoyote itakayopendekezwa badala yake ipitie ghala la mkulima kabla ya kupitia kwa mchapishaji. Istilahi zetu nyingi hutungwa mezani, hutafsiriwa kutoka orodha ya Kiingereza, na huwekwa kitabuni zingali mbichi. Hazijawahi kuanikwa.

Pengine kuna msomaji atakayesema kwamba ninazua tufani kwa neno moja. Namkumbusha mwaka 2004. Mwaka huo, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 walijulikana kuugua baada ya kula mahindi yaliyoingia kuvu, na 125 kati yao wakafariki. Mahindi hayo yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na majimaji. Redio zilitangaza neno "aflatoksini" asubuhi na jioni, nami sijui ni wangapi waliolisikia wakafahamu kwamba linahusu ule unga wa kijani kwenye punje zao. Watanzania hutumia neno "sumukuvu". Tazama jinsi neno hilo linavyofanya kazi: anayelisikia kwa mara ya kwanza tayari ameonywa kwamba kuvu ina sumu. Sioni sababu ya sisi huku kutolikumbatia. Isitoshe, lugha yenyewe ilikwisha kuona uhusiano huo zamani, maana "ukungu" kwetu ni ule wa asubuhi mlimani na pia ni ule wa mkate uliokaa siku nyingi.

Narudi kwenye kidude, kwani hatukukiacha. Tulikubaliana kwamba kupima hewa ya ghala zima hakumsaidii shangazi kuamua lolote kuhusu mahindi yake. Mwenzangu, kwa simu, akatueleza njia nyingine. Punje zikifungiwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa, hewa kidogo iliyomo hula au hutema maji mpaka ipatane na punje. Mahindi yenye asilimia 13.5 ya maji huifikisha hewa hiyo kwenye shibe ya asilimia 65 hadi 70 hivi, kutegemea joto, na kuvu hupata shida kuota chini ya hapo. Tukatafuta mtungi wa plastiki wenye kifuniko cha kukaza, tukautia mahindi robo tatu, tukakining'iniza kihisi ndani na kuziba tundu la waya kwa nta. Mara ya kwanza tuliusahau mtungi juani na kihisi kikatupa namba za ajabu. Sharti ukae kivulini, punje zipoe kwanza, nawe usubiri saa kadhaa bila pupa.

Tulitaka pia kujua kama kihisi kinasema kweli. Jaribio lake ni la jikoni: chumvi ya mezani hutiwa maji machache mpaka iwe kama uji mzito, ikawekwa katika kifuniko cha chupa, kisha ikafungiwa pamoja na kihisi bila kugusana. Hewa iliyo juu ya uji huo wa chumvi hutulia kwenye shibe ya asilimia 75. Chetu kilisoma 79 asubuhi yake. Kosa la asilimia 4 si la ajabu kwa kihisi cha bei hiyo, nasi tulilipunguza ndani ya programu. Shangazi alifurahishwa na jaribio hili kuliko yote, kwa sababu yeye mwenyewe hupima mahindi kwa chumvi. Hutia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, huitikisa, na chumvi ikigandama kwenye kioo hujua kazi ya kuanika haijaisha.

Ilibaki skrini. Tulikuwa na nafasi ya kuandika SHIBE 64% na tukaandika, lakini shangazi alitaka neno, si namba. Hapo Kiswahili kilinipa zawadi ambayo sikuwa nimeithamini darasani, ingawa nimeandika kurasa kadhaa kuhusu minyambuliko. Tuna kitenzi "anika" na tuna kinyume chake "anua": kuondoa kilichoanikwa na kukirudisha ndani. Programu sasa husoma shibe ya mtungi. Ikizidi 65 huandika ANIKA. Ikiwa 65 au chini yake huandika ANUA. Namba tumeiacha pembeni kwa ndogo wangu mwenye shauku ya hesabu. Na ndani ya programu, mahali ambapo mwandishi ana uhuru wa kuvipa vitu vyake majina apendayo, tumeandika joto, shibe na mpaka. Maagizo ya msingi ya lugha ya Arduino yamebaki ya Kiingereza, na kompyuta haikulalamika.

Nisieleweke vibaya. Kidude hiki si badala ya mashine ya mnunuzi, wala hakipimi sumukuvu. Mahindi yaliyokwisha kuota kuvu yakikaushwa vizuri yatasoma ANUA na yatabaki na sumu ile ile. Jambo hilo nimeliandika kwa kalamu nzito kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mtungi, na nadhani ndiyo sentensi yenye manufaa zaidi niliyowahi kuiandika kwa Kiswahili.

Nimewaeleza wenzangu wa chama habari hizi na nimepata upinzani wa namna mbili. Wa kwanza wanasema uundaji wa istilahi una wenyewe, kwamba BAKITA ipo tangu mwaka 1967 na wataalamu wapo. Siwapingi wataalamu. Lakini mtaalamu hawezi kusanifu neno ambalo hakuna aliyelitumia, na sisi tuliopo vyuoni tunalala chumba kimoja na wahandisi, wanakilimo na wauguzi wa kesho. Ni nani aliye karibu zaidi na maneno hayo yanapozaliwa? Tasnifu zetu za mwaka wa nne huchambua riwaya zile zile chache kila mwaka. Sioni kwa nini idara isimruhusu mwanafunzi mmoja au wawili kuandika, kwa kushirikiana na mwenzake wa uhandisi, maelezo kamili ya kuunda chombo kimoja kwa Kiswahili, kisha achunguze ni wapi msomaji alikwama na kwa nini.

Upinzani wa pili ulitoka kwa mhadhiri ninayemheshimu sana. Alisema "shibe" ni sitiari, na sayansi haitaki sitiari. Tena, akaongeza kwa tabasamu, mwanafunzi akisikia shibe atawaza "mwana malevya". Nilimjibu kwa adabu kwamba umeme wetu tayari una mkondo kama mto na redio zetu zina mawimbi kama bahari, na hakuna aliyelowa. Ardhi nayo husemwa imeshiba maji, na mkulima haulizi ina tumbo gani. Hakukubali, ila aliniomba nimletee kihisi akione, na mpaka sasa hajakirudisha.

Limebaki neno moja ambalo limetushinda. Zile biti 8 za mwisho, zinazohakiki kama habari imefika salama, tumeziita "jumla hakiki", lakini mwenzangu anasema linamkumbusha risiti ya dukani, nami sina hakika kama hilo ni kosa. Tunakusudia kuyaandika maelezo ya kidude chote kabla ya mavuno yajayo, kwa ajili ya vijana wa jua kali wa mtaani kwetu. Aliye na neno bora na amwandikie mhariri.